Maandiko Yaliyokabidhiwa Mawe

Mtu aliyelelewa katika vyuo vya pwani yetu, akaanza kuujua ulimwengu kwa alifu na be zilizoandikwa kwa wino juu ya ubao, hawezi kuwa mgeni kabisa mbele ya taifa linaloutukuza mwandiko. Na ndiyo sababu, nilipojaaliwa wasaa wa kusafiri hadi Uchina katika majira ya kupukutika kwa majani, niliyaacha nyuma majumba ya wafalme na ule ukuta mashuhuri uwavutao wageni wa kila kabila, nikaazimia kwanza kuyazuru maandiko ya dini ya Kibudha ambayo watu wa nchi ile, kizazi baada ya kizazi, waliyachonga juu ya mawe ili yasipotee. Sikwenda kama muumini wa dini hiyo, kwani dini yangu naijua nami nairidhia. Nilikwenda kama mtu apendaye khati njema, atakaye kujua ni jambo gani hasa liyafanyalo maneno ya wanadamu yaishi baada ya vinywa vilivyoyatamka kwisha kufumbwa.

Yampasa msomaji afahamu kwanza kwamba miongoni mwa Wachina sanaa ya mwandiko imehesabiwa tangu zama za kale kuwa ndugu wa uchoraji, na wengi waliiweka mbele ya uchoraji wenyewe. Kalamu yao ni brashi ya manyoya laini, wino wao hutokana na masizi yaliyochanganywa na gundi, na kila herufi, ambayo aghalabu hubeba neno zima peke yake, huandikwa kwa mapigo yanayofuatana kwa utaratibu maalumu, hata jicho lililozoea laweza kulitazama andiko la mtu aliyefariki miaka elfu iliyopita na kufuata mkono wake ulivyokwenda, likatambua wapi uliharakisha na wapi ulitua. Lakini hariri huoza, karatasi huliwa na wadudu, na vita huziteketeza maktaba kwa usiku mmoja. Basi sehemu kubwa ya khati za kale tulizonazo leo imetufikia kwa kuwa wenye hekima waliona heri kuyakabidhi mawe kile ambacho karatasi isingeweza kukitunza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mji wa Xi'an, ambao zamani uliitwa Chang'an, nao ulikuwa makao makuu ya ukoo wa Tang uliotawala tangu mwaka 618 hata mwaka 907. Nilifuatana na kijana mmoja wa Tanga, mwanafunzi wa uhandisi huko Beijing, ambaye kwa hisani yake alikubali kuwa mkalimani wangu. Kichina alikisema vizuri kuwapita wageni wengi, na adabu za kwao hakuziacha, maana kila asubuhi hakutamka neno lolote kabla ya kuniamkia. Tuliingia pamoja katika jumba liitwalo Beilin, lililoasisiwa mwaka 1087 karibu na ukuta wa kusini wa mji, ambamo mawe marefu yenye maandishi yamesimama safu kwa safu, mengine yamebebwa juu ya migongo ya makobe ya mawe, na mgeni hupita baina yake kama apitaye baina ya watu wazima walionyamaza.

Katika mawe hayo yote, moja ndilo nililolikusudia. Habari yake ni kwamba mtawa Xuanzang, baada ya kusafiri kwa miguu na kwa wanyama hadi Bara Hindi kutafuta maandiko ya dini yake, alirejea Chang'an mwaka 645 akiwa na vitabu mamia, akakaa kuvifasiri. Na mfalme Taizong akamwandikia dibaji ya kuitukuza kazi hiyo. Mtawa mwingine, jina lake Huairen, wa hekalu la Hongfu katika mji huohuo, alitamani dibaji ile ichongwe kwa mwandiko wa Wang Xizhi, ambaye Wachina humwita bingwa wa mabingwa wa khati. Lakini Wang Xizhi alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 361, karibu miaka mia tatu kabla. Huairen hakuvunjika moyo. Alianza kuzipekua barua na karatasi za bingwa huyo zilizohifadhiwa, akatafuta herufi mojamoja, hii katika barua ya rambirambi, ile katika maneno ya kumjulia hali rafiki, na pale alipokosa herufi nzima akaiunganisha kwa vipande vya herufi nyingine. Na husimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka ishirini, hata jiwe likasimamishwa mwaka 672. Mwishoni mwa jiwe imewekwa ile sutra fupi, yaani andiko la dini yao, ambayo Wabudha huiita Sutra ya Moyo, kwa tafsiri ya Xuanzang mwenyewe, na chini kabisa yamo majina ya mafundi wawili: Zhuge Shenli aliyeyahamishia mapigo ya brashi juu ya jiwe, na Zhu Jingzang aliyeyachonga.

Nililisogelea jiwe kwa kadiri nilivyoruhusiwa. Ni jeusi, limeng'aa kwa umri, na ufa mmoja umelikata upande hata upande, ukapita katikati ya herufi bila huruma. Lakini penye uzima nilishangaa kuona jinsi patasi ya Zhu Jingzang ilivyoitii brashi ya Wang Xizhi, maana hata pale ambapo ncha ya manyoya iliinuliwa kidogo ikaacha unyuzi mwembamba wa wino kati ya pigo na pigo, unyuzi huo umechongwa nao, mwembamba kama ulivyokuwa. Nikaambiwa kwamba leo hii hakuna karatasi hata moja duniani ambayo wataalamu wanakubaliana kuwa imetoka mkononi mwa Wang Xizhi. Zimebaki nakala, tena nakala za nakala, na mawe kama hili. Kwa hiyo mtawa aliyetaka kuipamba dini yake aliiokoa pia sanaa ya taifa lake, na Mchina atakaye kujifunza mwandiko wa mtiririko huanzia mara nyingi kwenye jiwe hilo la dini, awe Mbudha au asiwe.

Kabla ya kuondoka tulisimama kumwangalia fundi aliyekuwa akitoa chapa katika jiwe la nakala, maana mawe ya asili siku hizi yanahifadhiwa yasichoshwe. Alilaza karatasi nyembamba yenye unyevu juu ya jiwe, akaipapasa kwa brashi pana ili hewa yote itoke, kisha akaigongagonga kwa brashi ngumu mpaka karatasi ikazama katika kila mfereji wa herufi. Akangoja. Karatasi ilipoanza kukauka na kupauka, akatwaa kifurushi cha kitambaa kilichojazwa pamba, akakichovya wino kidogo mno, akakijaribu kwanza juu ya kigae, halafu akaanza kupiga juu ya karatasi kwa mapigo mepesi ya haraka. Na herufi, kwa kuwa zilikuwa zimezama, zikabaki nyeupe katikati ya weusi uliokuwa ukizidi kukolea. Kwa njia hiyo, kabla ya kuwapo mitambo ya picha, mwandiko wa jiwe moja la Chang'an uliweza kufika katika nyumba ya mwanafunzi aliye umbali wa mwendo wa miezi. Chapa za zamani, zilizotolewa kabla jiwe halijapasuka, huthaminiwa leo kama johari, kwa maana zinahifadhi kile ambacho jiwe lenyewe limekipoteza. Nikalitia jambo hilo moyoni, kwani lilikuwa dalili ya kwanza kwamba jiwe nalo lahitaji msaidizi.

Kutoka Xi'an tulisafiri kwa reli kuelekea mashariki hadi Tai'an katika jimbo la Shandong, mji ulio chini ya mlima Taishan, ambao kimo chake ni zaidi ya mita 1,500 na ambao wafalme wa kale walikuwa wakiupanda kwenda kutoa kafara kwa mbingu na ardhi. Wapandaji ni wengi mno, vijana kwa wakongwe, nao hushika ngazi za mawe kuelekea kileleni. Sisi, tulipolipita hekalu la Doumu, tuliiacha njia kuu, tukaingia kichochoro cha upande wa mashariki kinachopita chini ya misonobari, na baada ya mwendo mfupi miti ikaachana, tukaliona bonde ambalo Wachina hulijua kwa jina la Jingshiyu.

Mbele yetu ulilala mwamba mmoja mpana, ulioinama kidogo kama paa la nyumba lisilo na mwinuko mkali, eneo lake likiwa zaidi ya mita mraba 2,000. Na juu ya mwamba huo, bila ukuta wala fremu, zilikuwa zimechongwa herufi, kila moja ikikaribia nusu mita, zikishuka safu kwa safu na kujazwa rangi nyekundu. Hiyo ndiyo Sutra ya Almasi, kwa tafsiri ya Kumarajiva, mtawa wa Kucha aliyefanya kazi yake Chang'an mwanzoni mwa karne ya 5. Maneno yake yanahusu kutoshikamana na vitu vya dunia, kwa kuwa vyote vyapita. Nami nilisimama nikitaamali kwamba watu waliouamini upitaji wa vitu vyote walichukua shida kubwa namna hii ili maneno ya kuwakumbusha wengine yasipite upesi.

Sababu iko katika historia. Kazi hiyo yahesabiwa kuwa ya zama za ukoo wa Qi wa Kaskazini, uliotawala tangu mwaka 550 hata mwaka 577, wakati ambapo Wabudha walikuwa bado wanakumbuka jinsi mfalme wa ukoo wa Wei wa Kaskazini alivyowatesa mwaka 446, na walikuwa wakiamini kwamba dunia inaingia katika kipindi ambacho mafundisho ya Budha yatafifia mpaka yasahauliwe. Hofu yao ilitimia mbele ya macho yao: mwaka 574 mfalme Wu wa ukoo wa Zhou wa Kaskazini aliipiga marufuku dini hiyo katika nchi yake, na alipoishinda Qi mwaka 577 marufuku ikaenea huko nako, watawa wakarudishwa uraiani na mali za mahekalu zikatwaliwa. Katika milima ya Shandong, watawa waliona kwamba kitabu chaweza kuchomwa na sanamu yaweza kuyeyushwa, lakini mlima hauwezi kufungwa gerezani. Miongoni mwao alikuwapo mwandishi mkubwa, mtawa Seng'an Daoyi, ambaye jina lake limechongwa katika milima mingine ya jimbo hilo, na wataalamu wengi wamemnasibisha na mwamba wa Taishan kwa kufanana kwa mikono, ijapokuwa mwamba wenyewe hauna jina wala tarehe.

Mwandiko wake sikuwahi kuona mfano wake. Hauna haraka na ukali ule wa mtiririko wa Wang Xizhi. Herufi zimetulia, zimejaa, pembe zake zimeviringika, nazo zimechanganya mtindo wa zamani wa makarani wa serikali na mtindo wa sawasawa uliokuja baadaye, hata mtu asiyejua maana yake hupata utulivu kwa kuzitazama tu. Kang Youwei, yule mwanachuoni na mpigania mageuzi aliyefariki mwaka 1927, aliuweka mwandiko huo mbele ya maandiko yote makubwa ya nchi yake. Nilichutama ukingoni kuitazama herufi moja kwa karibu: mfereji wake si wa kina kirefu, chini umelainishwa na maji ya karne nyingi, na chembe za mwamba zinametameta ndani ya rangi nyekundu. Upande mwingine yule kijana aliniita, "Mzee, njoo uione hii, hawakuimaliza," akanionyesha herufi ambazo mafundi walizizungushia mistari miwili ya mpaka, tayari kwa kuchongwa, kisha wakaziacha vivyo hivyo. Sutra yenyewe haikufika mwisho. Imekatika takriban nusu ya njia, na inadhaniwa kuwa vita na marufuku ndivyo vilivyowafukuza wachongaji.

Na hata kile walichokimaliza hakikusalimika. Kijito kilikuwa kikipita juu ya mwamba, mvua za kiangazi zikiteremsha kokoto, baridi ikipasua tabaka za juu. Kati ya herufi zinazokadiriwa kukaribia 2,800, zilizobaki kusomeka leo ni zaidi kidogo ya elfu moja. Maji sasa yameelekezwa kando na wageni wamezuiwa wasikanyage, lakini kilichokwenda kimekwenda. Mlima haukufungwa gerezani, kama walivyotaraji, ila kwa muda mrefu ulikosa mlinzi.

Jambo hilo ndilo nililolibeba kichwani tuliposafiri kwenda kaskazini, kwa sababu huko, katika wilaya ya Fangshan, yapata kilomita 70 kusini-magharibi ya Beijing, liko hekalu la Yunju na karibu yake mlima Shijing, ambako watu walilichukua wazo lilelile la kuyakabidhi mawe maandiko, wakaliwekea utaratibu ambao watawa wa Shandong hawakuupata. Mwanzilishi ni mtawa Jingwan. Mwanzoni mwa karne ya 7, chini ya ukoo wa Sui, akikumbuka mateso ya miaka ya 570 na kuamini kwamba mengine yatakuja, alinuia kuzichonga sutra zote juu ya mabamba ya mawe, kuyafungia ndani ya mapango, na kuyaacha humo mpaka siku ambayo maandiko yatakuwa yametoweka duniani, ndipo yafunguliwe na kunakiliwa upya. Nia yake haikuwa kuwasomea watu wa wakati wake, kwani hao walikuwa na vitabu vyao. Alimwandikia mtu asiyemjua, wa zama asizozijua, ambaye huenda hatakuwa na kitu.

Jingwan alifariki mwaka 639, na kazi ilikuwa haijafika popote kwa kulinganisha na nia yake. Lakini alikuwa ameacha mrithi, na mrithi akaacha mrithi. Ukoo wa Sui ukaanguka, Tang wakaja wakaondoka, Waliao na Wajin walioitawala kaskazini wakaiendeleza, na uchongaji haukukoma kabisa ila katika karne ya 17, mwishoni mwa ukoo wa Ming, baada ya zaidi ya miaka elfu. Mabamba yaliyohesabiwa ni 14,278, na herufi zake ni zaidi ya milioni 30.

Tulipanda mlima kwa ngazi zilizochakaa katikati kwa nyayo za watu. Mapango ni tisa, na manane kati yake yamefungwa kwa milango ya mawe. Ukichungulia kwenye nafasi za mlango huona mabamba yamepangwa wima, bamba kwa bamba, kama vitabu katika rafu, yakiwa na vumbi mabegani. Pango lililobaki, liitwalo Leiyin, ndilo alilolifungua Jingwan awe wa kwanza kuchonga humo, nalo lilijengwa liwe kama ukumbi wa ibada: kutani mmepachikwa mabamba 146, na katikati nguzo nne za mawe zenye pembe nane, zilizochongwa sanamu ndogo za Budha zaidi ya elfu, zimekibeba kipaa. Mwandiko wa mabamba yale ni wa sawasawa, wazi, wa saizi ya kusomeka na mtu aliyesimama. Mistari ya kupimia imeachwa, kila herufi ndani ya nafasi yake, na mkono ulioandika hautaki kujionyesha. Huko Xi'an nilimwona bingwa na Taishan nilimwona mwenye kipaji kikubwa. Hapa niliona waandishi wengi ambao aghalabu hawakuacha majina, na ambao kosa wangelichukia kuliko walivyotamani sifa. Kwangu mimi adabu hiyo ya mwandiko ilikuwa na uzuri usiopungua uzuri wa ile miandiko miwili ya kwanza.

Nani aligharimia yote haya? Suali hili ndilo lililonipa jawabu nililolitafuta safari nzima. Imeandikwa na Tang Lin, aliyeishi katika karne hiyohiyo ya 7, kwamba malkia Xiao wa ukoo wa Sui alitoa majora elfu moja ya hariri pamoja na fedha, na ndugu yake Xiao Yu akatoa majora mia tano, na raia wakafuatia. Karne moja baadaye, mwaka 730, binti mfalme Jinxian, dada wa mfalme Xuanzong, alimwomba kaka yake atoe nakala za sutra zaidi ya juzuu 4,000 ziwe msingi wa uchongaji, naye mtawa Zhisheng, mtunzi wa orodha mashuhuri ya maandiko hayo, alikuwa miongoni mwa waliozisindikiza hadi mlimani. Zaidi ya hayo, binti mfalme aliomba mashamba ya ngano, bustani ya matunda na misitu iliyouzunguka mlima viwekwe daima kwa ajili ya mahitaji ya kazi. Kila mtu wa kwetu atajua mara moja hili ni jambo gani: ni wakfu. Maneno yake yamechongwa nyuma ya mnara mdogo juu ya kilele, na tarehe yake ni mwaka 740.

Lakini sadaka iliyonigusa zaidi haikutoka katika kasri. Katika ukumbi wa maonyesho wa hekalu, ambamo chapa za mabamba zimetundikwa, yule kijana alinionyesha mistari midogo mwishoni mwa sutra, akaisoma polepole: wenye kulitoa bamba hili ni chama cha wafanyabiashara wa mchele. Wengine walikuwa wauza hariri, wengine wauza mafuta, wengine wauza nyama, makaa na chuma, watu wa sokoni wa mji wa Youzhou ambao leo ni Beijing, ambao kila mwaka, ifikapo siku ya kuzaliwa kwa Budha, walichanga wakanunua jiwe, wakamlipa mwandishi na mchongaji, wakaandikisha majina yao na ya wazee wao kwa kutaka thawabu. Bamba moja ni mistari michache tu ya sutra. Hakuna muuza mafuta aliyejidai kuwa anayaokoa maandiko yote. Kila kikundi kilibeba lake, na mwaka uliofuata wengine wakabeba lao.

Utaratibu haukuwa wa fedha peke yake. Wakati wa Waliao, mtawa Tongli alikusanya michango katika miaka ya 1090, yakachongwa mabamba maelfu, madogo kuliko ya zamani na yenye maandishi pande zote mbili, na kila fungu likatiwa alama kwa kufuata mfululizo wa herufi ambao watoto wa Kichina walikuwa wakiujua kwa moyo, ili atakayekuja kuyafukua ajue lipi latangulia na lipi lafuata. Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee hawa walilijua hilo. Mapango yalipojaa, wanafunzi wa Tongli walichimba handaki ndani ya uwanja wa hekalu, wakayazika mabamba humo mwaka 1118 na kujenga mnara juu yake uwe alama. Niliposoma tarehe hiyo fikira zilinirudisha Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako mafundi wa pwani yetu walikwisha kuchonga katika jiwe la matumbawe maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Watu wa bahari mbili waliokuwa hawajuani walikuwa, katika umri wa kizazi kimoja, wakiishika patasi kwa nia zilizo karibu.

Na amana hiyo ililipa. Sutra za Waliao zilichongwa kwa kufuata kitabu kikubwa kilichochapwa kwa amri ya wafalme wao, ambacho nakala zake zilipotea karibu zote; mwaka 1974 yalipatikana mabaki yake ndani ya mnara wa mbao wa Yingxian, lakini sehemu kubwa ya matini yake imetufikia kwa njia ya mawe ya Fangshan tu. Vita vya Japani vya karne iliyopita viliyabomoa majengo ya Yunju, ukabaki mnara wa kaskazini pamoja na minara midogo ya zama za Tang kwenye pembe zake. Na mabamba, kwa kuwa yalikuwa chini ya ardhi na ndani ya mapango, yakasalimika. Tangu mwaka 1956 hata 1958 wataalamu waliyafungua mapango, wakalifukua handaki, wakakuta mabamba zaidi ya 10,000 yamelala kama yalivyopangwa, wakatoa chapa ya kila moja. Baada ya hapo yalikaa ghalani miongo kadhaa, hewa chafu ikaanza kuyala mawe ambayo udongo uliyatunza kwa miaka mia nane. Ikaamuliwa yarudishwe chini, na tarehe 9 Septemba 1999 yalizikwa tena katika chumba kilichofungwa na kujazwa hewa ya nitrojeni, ambamo mgeni huyaona kwa kupitia dirisha la kioo. Nami niliyaona, safu hadi safu, mpaka jicho likashindwa.

Basi nikilinganisha niliyoyaona, hukumu yangu ni hii. Mwamba wa Taishan ni mgumu kuliko mabamba ya Fangshan, na mwandishi wake huenda alikuwa mkubwa kuliko waandishi wote wa Fangshan wakiwekwa pamoja. Lakini Taishan imepoteza zaidi ya nusu ya kilichochongwa, na Fangshan imehifadhi karibu kila kitu. Kilichotofautiana ni watu: mwenye kurithi kazi, mwenye kuweka wakfu, mwenye kutia alama, muuza mchele aliyetoa jiwe moja, na mtaalamu aliyeharakisha kutoa chapa. Jiwe ni chombo. Amana ndiyo ihifadhiyo.

Kwa hiyo namsihi msomaji wa pwani, hususa aliye na sanduku la karatasi za babu yake lililowekwa juu ya kabati, zenye tenzi, hesabu za biashara, barua au nasaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo watoto wa leo hawazisomi tena: azitoe, azipige picha, amtafute mzee ajuaye kuzisoma kabla mzee huyo hajaondoka, na asilia azipeleke kwenye nyumba ya nyaraka inayoaminika. Nao wenye uwezo, badala ya kungoja serikali ifanye kila kitu, wachangiane kama walivyochangiana wauza mafuta wa Youzhou, ili makaburi na misikiti yetu ya kale yenye khati za matumbawe isomwe na kunakiliwa kabla upepo wa chumvi haujaifuta. Tusiseme kwamba kazi ni kubwa mno kwetu; Jingwan alipoianza yake alijua hataimaliza, na alianza.